Mkono Wako Kwenye Vyuma vya Mguu Wangu

Fundi wangu Mshamu,

Amani iwe juu yako na juu ya wote uliolala nao hapo. Habari za huko? Umeamkaje? Najua ni swali la ajabu, lakini wewe ndiye uliyenizoesha. Ulikuwa hunijibu neno lolote la kazi mpaka kwanza nikuulize umeamkaje, na wewe uniulize, na tuulizane habari za nyumbani, hata kama mashine ilikuwa inawaka moto. Basi nimeuliza. Mimi hali yangu ni njema, ukiacha mguu. Na huo mguu ndio ulionikalisha hapa kibarazani Soweto ya Mbeya, jua la asubuhi likinipiga mgongoni, daftari la shule la binti yangu Rehema likiwa mapajani, nikuandikie.

Nilimuuliza Sheikh wetu wa mtaani kama kuna ubaya mtu kumwandikia marehemu. Akanitazama, akasema, "Yusufu, andika upunguze moyo. Lakini kinachomfikia ni dua, kwa hiyo kila ukimaliza ukurasa muombee." Kwa hiyo, Fundi, ukiona dua zinakuja nyingi nyingi kwa mkupuo, ujue leo barua ni ndefu.

Kwanza nikueleze kwa nini sikuja kukuzika. Hili limenikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Bi Mwanahawa wako alinipigia asubuhi, nimeshafungua karakana pale Mwanjelwa na nimeshavaa koti la kazi. Alisema hivi tu: "Yusufu, fundi wako ametangulia. Tunazika baada ya Alasiri." Nikamjibu sijui nini. Nikafunga karakana, nikasahau hata kuvua koti, nikapanda bodaboda kwenda stendi nipate basi la Iringa. Nikamwambia yule kijana akanyage. Nasema hivi ili ujue, maana watu wote walimlaumu yeye. Mimi ndiye niliyemwambia akanyage. Kwenye kona kulikuwa na mchanga umemwagika kutoka kwenye lori, pikipiki ikalala, na mimi chini yake. Yule kijana aliinuka na mchubuko wa kiwiko. Mimi nilijaribu kuinuka, nikaona mguu wa kulia chini ya goti umeangalia upande ambao mguu hauangalii.

Alasiri ilinikuta kitandani hospitali, Fundi. Nilijua saa ile ndiyo unashushwa. Nikakusalia nikiwa nimelala chali, mguu umefungwa mbao. Sikumwambia Bi Mwanahawa. Nilimwambia mama Rehema naye asimwambie, nikaona mtu aliyefiwa na mume asiongezewe na habari za mguu. Kumbe huko Iringa watu walikuwa wanaulizana, "Yule mwanafunzi wake mkubwa wa Mbeya mbona hakutokea?" Na yeye Bi Mwanahawa akanyamaza, akalimeza. Tukawa tunameza wote wawili, miezi.

Sasa mguu wenyewe. Mwanzo walinifunga plasta, ikaonekana itapona. Halafu kidonda kikaoza ndani. Daktari akafungua, akasafisha, akatoa kipande cha mfupa kilichokufa. Nashukuru Mungu mguu ulibaki. Lakini ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita nne. Ukisikia sentimita nne utasema si kitu. Wewe unajua sentimita nne kwenye mhimili wa mashine ni nini. Basi na kwa mtu ni hivyo hivyo. Nilikuwa nikitembea kama kuku aliyefungwa kamba. Nikaenda karakana, nikasimama mbele ya mashine ya kukereza, kabla ya kumaliza bushi moja kiuno kikawa kinawaka na mguu mzima unatetemeka kubeba mzigo wote. Nikajaribu kuweka ubao chini ya mguu mfupi. Ubao ukateleza kwenye mafuta, nusura mkono uingie kwenye mashine. Siku hiyo nikafunga mlango, nikatia kufuli, nikarudi nyumbani bila kuaga majirani. Nilijua bila mguu huu mashine siiwezi tena. Na mimi nikiacha mashine ninabaki nani? Mtoto wa Idodi aliyekuwa anafukuza nyani shambani.

Unakumbuka siku baba aliponileta kwako? Nilikuwa na shati moja na ndoo ya asali. Ukaniangalia, ukasema, "Huyu wa Idodi amezoea kukimbia tembo. Hapa kuna chuma. Chuma hakikimbizwi, unasimama nacho." Ukaninywesha chai ya tangawizi kutoka kwenye ile chupa yako nyekundu, chai ya vuguvugu. Miaka sita niliyokaa kwako sikumbuki hata siku moja chai ile ilikuwa ya moto. Tukawa tunailaumu chupa. Shika hapo, nitarudi.

Daktari mmoja, kijana tu, mpole, akaniambia kuna njia ya kuurefusha mguu. Wanakata mfupa juu, mahali penye afya, wanauacha uanze kuota ute mpya, halafu wanauvuta polepole, kila siku milimita moja, na mfupa mpya unajaza nyuma yake. Nikamuuliza, "Unavutwa na nini, daktari?" Akaenda kuleta.

Fundi, laiti ungekiona kile kifaa! Ringi mbili za chuma zinazouzunguka mguu kwa nje, moja juu na moja chini, zimeshikwa kwenye mfupa kwa waya na pini zinazopita nyamani. Na kati ya zile ringi, vyuma vinne vimesimama kama nguzo. Kila kimoja ni bomba ndani ya bomba, kama antena ya redio. Wodini wagonjwa wenyewe wanaviita hivyo hivyo, antena: "Yule wa kitanda cha dirishani kafungwa antena." Ukizungusha nati yake kwa spana ndogo, bomba la ndani linatoka kidogo, ringi zinaachana, na mfupa unafuata.

Nilikichukua kile chuma kimoja mkononi, nikakivuta, nikakisukuma, nikakisikiliza. Hakichezi. Hakibani. Nikakumbuka zile nguzo za stendi ya kamera ulizopewa oda na yule mpiga picha wa Iringa, ulivyonirudisha mara tatu, ukisema, "Bomba la ndani liingie kama mkono kwenye mkono wa shati. Hili lako linaingia kama mguu kwenye gamubuti la mtu mwingine." Nilimwambia daktari, aliyetengeneza hiki alikuwa na fundi wa kumrudisha. Daktari akacheka, akasema, mzee, wewe ndiye mgonjwa wa kwanza kukikagua kabla sijakukagua.

Nikakubali. Nikapasuliwa, nikafungwa. Baada ya siku kadhaa akaja Sista Atupele kunifundisha. Huyu ni dada wa Kinyakyusa, mnene, sauti yake inafika geti la hospitali, na mikono yake ni laini kuliko pamba. Akanionyesha mshale uliochorwa kwenye kila nati. Robo mzunguko kufuata mshale, vyuma vyote vinne, mara nne kwa siku. "Si zaidi, baba, si pungufu. Usipozungusha, mfupa utaungana ukiwa mfupi na kazi yote imepotea. Umenielewa?" Nikamwambia nimeelewa. Akasema, "Zungusha nione." Nikazungusha mbele yake kwa woga, taratibu, macho yametoka. Akasema safi.

Sentimita nne, milimita moja kwa siku. Siku arobaini. Nikasema moyoni, hii ndiyo arobaini yako ambayo sikuihudhuria, Fundi. Hii nitaitimiza.

Nilizipanga zile mara nne kwa sala. Nikishasali Alfajiri nazungusha, Adhuhuri nazungusha, Alasiri, Magharibi. Isha nikaiacha bila spana. Nasali kwenye kiti, mguu mbele yangu umenyooka na mivyuma yake kama mtambo, halafu natoa salamu kulia na kushoto, nachukua spana. Mama Rehema akanishonea kitambaa cha kuufunika mguu dhidi ya vumbi na macho ya watoto. Kwenye vile vyuma kuna mistari midogo midogo kama ya rula, ya kusomea kimetoka kiasi gani. Sikuisoma. Niseme ukweli, siioni bila miwani, na nilikuwa sitaki miwani. Tena nikajiambia, mimi miaka yote hii nakereza chuma, nikae kusomea mistari kama mtoto wa darasa la pili? Ulikuwa unaniambia niache kukodolea macho alama, nisikilize mkono. Nikausikiliza mkono.

Siku ya ishirini nikaenda kliniki kifua mbele. Eksirei ikapigwa. Daktari akaitazama picha, akafunua kitambaa cha mama Rehema, akasoma ile mistari, akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mzee Yusufu, unazungusha?"

"Nazungusha."

"Kila siku? Mara nne?"

"Wallahi daktari, sijaacha hata moja."

Akaisogeza picha kwenye mwanga. Halafu akanionyesha kwenye picha ule mwanya kati ya mfupa na mfupa. Ulitakiwa uwe sentimita mbili. Ulikuwa haufiki moja. Akasema wagonjwa wengine wanaona maumivu wanaacha, halafu wanaogopa kusema, na yeye hakasiriki, anataka tu ukweli. Fundi, niliapa mbele ya yule kijana kwa jina la Mungu, na nikamwona haniamini. Tena alikuwa hajanikosea adabu. Aliniambia kwa upole kabisa: "Mfupa mpya umeanza kukaza. Nakupa wiki moja. Picha ikija hivi hivi tunarudi kwenye upasuaji, tunakata upya. Na kwa kile kidonda cha zamani, kukata upya sitamani."

Sista Atupele alinisindikiza mpaka mlangoni. Hakuongea kwa sauti yake ile. Akasema, "Baba, kama inauma sana niambie mimi." Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Nyumbani nako, mama Rehema. Si unamjua. Alingoja mpaka nikamaliza kula, halafu: "Baba Rehema, hebu niambie. Unazungusha kweli, au unakaa humo na redio yako?" Nikamwambia, mke wangu, hata wewe? Akasema, "Mimi sijasema kitu. Nimeuliza." Ndoa ya miaka ishirini na mbili, namwona anachungulia pazia nikizungusha, kama askari magereza.

Ikafika mahali nikajishuku mwenyewe. Nikawa baada ya kila sala naomba: Ewe Mola, kama ninadanganya na sijui, nionyeshe. Nikazungusha kwa nguvu zaidi, kwa makini zaidi, nikihesabu kwa sauti. Siku ya kwanza ya ile wiki ikapita, ya pili, na kwenye mguu sikuona tofauti. Ule mvutano ambao wagonjwa wenzangu wanausema, kwamba nyama inavutika kama kamba ya nguo, mimi nilikuwa nausikia kidogo tu halafu unapotea. Nilidhani ni rehema.

Siku ya tatu akaja Bi Mwanahawa.

Mama Rehema ndiye aliyempigia, kwa siri. Alimwambia yote, kuanzia ile bodaboda. Nilikuwa nimekaa hapa hapa kibarazani nikamwona anashuka kwenye bajaji na buibui lake jeusi, mkononi mfuko wa visheti na kile kisanduku chako cha mbao. Nilitaka kuinuka, nikashindwa. Akaja mpaka nilipo, akausimamia ule mguu akiutazama. Akasema, "Ulikuwa unakuja, mwanangu." Nikasema, nilikuwa nakuja, Bi. Akasema, "Na mimi nilisema moyoni Yusufu ametutupa. Nisamehe." Tukalia wote, Fundi, kama watoto. Mama Rehema akaenda jikoni kujifanya anatafuta sukari.

Kile kisanduku akakiweka mapajani mwangu. Ndani ni kalipa yako, ile ya kupimia vyuma, iliyokuwa haiguswi na mtu. Alisema uliagiza nipewe mimi, na kwamba maneno yako yalikuwa, "Mpe yule wa Idodi, na umwambie asiiazimishe mtu." Nilicheka nikiwa na machozi. Nikaifungua. Bado inanukia mafuta yako.

Ikafika Alasiri. Nikasali kwenye kiti changu, nikachukua spana, nikaanza. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa kwenye mkeka ananitazama. Chuma cha kwanza, cha pili. Nilipofika cha tatu akasema:

"Yusufu, rudia hicho."

"Hiki nimeshamaliza, Bi. Si zaidi, si pungufu."

"Nimesema rudia. Usibishane na mimi."

Nikajifanya narudia, bila kukaza, ili aone. Akapiga makofi mara moja, akashika mdomo.

"Umerudisha!"

"Sijarudisha, Bi."

"Umerudisha, nakwambia! Umepeleka mbele, halafu mkono wako ukarudi nyuma hivi, kidogo. Mama Rehema, njoo, njoo umwone mtu wako!"

Mama Rehema akaja mbio na mwiko. Nikazungusha cha nne mbele yao wote wawili. Na hapo, Fundi, ndipo nilipouona mkono wangu. Ulikwenda robo mbele kufuata mshale. Na kabla sijatoa spana, wenyewe, bila mimi kuutuma, ukarudi nyuma karibu nusu ya pale ulipotoka.

Unajua ni nini. Unajua kabisa. Ni tepu! Ni kule kukata thredi, njia za skrubu, kwa tepu ndani ya tundu la chuma, ulikonifundisha mwaka mzima mpaka viganja vikaota sugu. Peleka mbele, rudi nyuma uvunje unyoya wa chuma, peleka mbele tena, rudi. Mtu akienda mbele tu bila kurudi, tepu inakatikia ndani na kazi imeharibika. Nilikukatia tepu tatu wiki ya kwanza. Ukanishika mkono kwa mkono wako, ukasimama nyuma yangu, tukawa tunazungusha pamoja, na wewe unanisemea sikioni kama mtu anayembembeleza mtoto: mbele, rudi. Mbele, rudi. Sikuharibu tena tepu maisha yangu yote. Na sikujua kwamba mkono ule hauniachi, kwamba ukishika spana yoyote ndogo unafanya hivyo hivyo, hata kwenye mfupa wangu mwenyewe. Mbele ya Sista nilikuwa na woga, ukatulia. Nyumbani ukajisikia uko karakana.

Bi Mwanahawa alikuwa anacheka mpaka ushungi umemdondoka. Akasema, "Miaka arobaini na moja! Miaka arobaini na moja namwambia Mshamu funga chupa ya chai vizuri, ananiambia nimefunga. Namwona anapeleka mbele, halafu anairudisha. Chai inapoa, analaumu chupa. Nimenunua chupa nne mimi!" Halafu kicheko kikamgeukia. Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, ule ulioshika spana, akasema polepole, "Nilijua ameondoka. Kumbe mkono wake uko Mbeya."

Basi tukafungua kalipa. Sikutaka kuamini macho ya mtu tena, yangu wala ya nani. Nikavaa miwani ya mama Rehema ya kushonea. Nikapima chuma cha kwanza kutoka ringi mpaka kwenye nati, nikampa namba, mama Rehema akaandika kwenye hili daftari. Nikazungusha kwa mkono wangu wa siku zote, nikapima. Kilikuwa kimeongezeka nusu tu ya inavyotakiwa. Nikaikamilisha ile robo pungufu, nikatoa spana haraka kama mtu aliyegusa sufuria, nikapima. Sawasawa. Mkono wako ndio uliokosea na chombo chako ndicho kilichousahihisha, na wewe mwenyewe umelala Iringa huna habari.

Nikampigia Sista Atupele. Nikamweleza. Sauti yake ile ikarudi, simu nikaiweka mbali na sikio: "Mwee! Baba! Ulifikiri unatengeneza trekta?" Akamwita daktari akiwa anacheka, nikawasikia wote wawili wanacheka huko, na mimi nacheka huku, na nikawa nimetua mzigo mkubwa kuliko ule mguu. Daktari akasema nisijaribu kufidia yaliyopita kwa siku moja, nyama na mishipa haitavumilia. Niende robo robo kama ilivyopangwa, bila kurudi, na tumwombe Mungu mfupa usiwe umekaza.

Siku zilizobaki kwenye ile wiki nilizungusha kwa mkono wa kushoto. Ndiyo, wa kushoto, ambao hukuufundisha. Mzito, mjinga, lakini hauna mazoea. Bi Mwanahawa alikaa mpaka mwisho, akawa anasimamia kila robo. Nikipeleka mbele anasema, "Toa!" kabla hata sijafikiri. Na hapo ndipo nilipouonja ule mvutano. Fundi, inauma. Inauma vizuri. Nilikuwa naumwa nasema Alhamdulillahi, mama Rehema anadhani nimechanganyikiwa.

Picha ilipopigwa, nilifumba macho. Daktari akasema, "Mzee, fungua macho." Mwanya ulikuwa umeongezeka, na ndani yake kulikuwa na wingu jeupe jepesi, mfupa mchanga, laini bado. Yule kijana akainuka kwenye kiti chake akanipa mkono. Akasema, "Samahani. Nilidhani hujafanya. Kumbe ulifanya, ukafumua." Nikamwambia hapana, daktari, ulikuwa na haki, mistari ilikuwa pale na mimi sikuisoma.

Ilichukua siku nyingi kuliko arobaini. Sikuzihesabu kwa huzuni. Kila Alasiri nilikuwa napima kwa kalipa yako, na kila namba imeandikwa humu nyuma ya hesabu za Rehema, kurasa saba. Namba ya mwisho ilipofika, Sista akanisimamisha kwenye sakafu, akaniwekea viganja vyake viwili kiunoni kama mtu anayepima ubao, akainama kuangalia. Akasema, "Sawa. Baba, uko sawa." Nikamwambia ndaga fijo, asante kwa Kinyakyusa chao, nilichojifunza wodini. Akasema Mhehe akiongea Kinyakyusa mvua inanyesha. Na ikanyesha kweli, mchana ule, mvua ya Mbeya isiyouliza.

Sasa hivi vyuma bado viko mguuni. Havizungushwi tena, vinashikilia tu mpaka mfupa mpya ukomae, na daktari anasema nisiwe na haraka. Natembea na gongo moja. Karakana nimeifungua. Nimesimama mbele ya mashine, Fundi, kwa miguu miwili iliyo sawa, nikakereza bushi yangu ya kwanza, na kiuno hakikuwaka. Niliizima nikakaa chini nikakusomea Fatiha pale pale kwenye chenga za chuma.

Na kazi nyingine niliyojiongezea: zile spana ndogo za kuzungushia antena zinapotea sana wodini, watoto wanachezea, wageni wanaondoka nazo mifukoni. Basi nachonga mimi, kila moja na tundu la kamba ili mgonjwa aivae shingoni. Sista anawaita wale wapya, mimi nakaa kwenye benchi nawaonyesha. Mshale huu, robo, toa mkono. Namwuliza kila mmoja kwanza, wewe kazi yako ni nini? Wanacheka, hawajui kwa nini nauliza. Wiki iliyopita nikampata mmoja fundi magari kutoka Usangu. Nikamwambia, wewe, kaa karibu na mimi. Tumia kushoto.

Lakini karakanani, nikishika tepu, narudi nyuma vile vile ulivyonifundisha. Siwezi vingine na sitaki vingine.

Nakuaga, Fundi, karatasi inaisha na Rehema anataka daftari lake. Nakuahidi hivi. Siku watakayotoa hivi vyuma sitakwenda popote kabla ya Iringa. Nitapanda basi taratibu, sitamwambia dereva akanyage. Nitamchukua Bi Mwanahawa, nitakuja mpaka miguuni pako nikitembea bila gongo, na nitatia kaburini zile konzi tatu za udongo ninazodaiwa tangu siku ile ya maziko. Kalipa nitakuja nayo. Sijaiazimisha mtu.

Nami nina ombi moja. Nijibu upesi. Ukiruhusiwa, nijie hata usingizini nikijilaza baada ya Adhuhuri, unijibu umeamkaje. Hilo tu linanitosha. Nasubiri.

Mwanao wa karakana,
Yusufu wa Idodi